Mwiko wa Mtama Mchanga

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi hizo wanyama walipokuwa wakipiga hodi mlangoni na kuulizana hali za watoto, palikuwa na bonde liitwalo Mtanga, na katika bonde hilo aliishi digidigi mmoja, jina lake Sikudhani.

Digidigi mnamjua? Ni mdogo katika jamii yote ya paa. Miguu yake kama njiti, pua yake ndefu na haitulii, macho yake makubwa utadhani kila saa ameona muujiza. Sikudhani akisimama ubavuni mwa nyati, hafiki hata magotini.

Na nyati ndiye aliyekuwa mkubwa wa Mtanga. Mwinyi Mbogo! Akikohoa, ndege waliruka mitini. Akitembea, ardhi ilisema tifu, tifu, tifu, na kila mzazi alimvuta mwanawe kando ya njia. Wa kwanza kunywa kisimani ni yeye. Wa kwanza kulala kivulini ni yeye. Jani bichi likionekana popote, ni lake.

Mkewe, Bi Zamda, alikuwa na moyo wa namna nyingine. Kiangazi kilipokaza, alikuwa akipita kwa Sikudhani, anaangusha tawi la mgunga kwa pembe zake, kisha anasema, "Shoga, tawi hili limenishinda. Hebu nisaidie kulila." Anaondoka zake. Hakutaka kushukuriwa.

Mwaka huo kiangazi kilipita kiasi. Watu waliolima mtama bondeni walivuna kidogo walichopata, wakakata mabua, wakaswaga ng'ombe wao, wakahama. Shamba lilibaki visiki vitupu. Mbavu za Bi Zamda zikahesabika. Ndama wake alinyonya akiacha, akinyonya akiacha, maana maziwa hayakutosha hata kulowesha ulimi.

Kisha ikanyesha mvua ya siku mbili tu. Ikakatika. Jua likarudi lilelile.

Asubuhi ya siku ya saba Sikudhani alitoka nyumbani kwake, akainua pua, akanusa kitu alichokuwa amekisahau. Harufu ya ubichi! Akaenda mbio mpaka ukingoni mwa shamba la watu, akakuta wenzake wote wamesimama kimya.

Salaale!

Vilima vilikuwa vya kahawia. Njia ilikuwa vumbi. Lakini pale katikati ya bonde, visiki vya mtama vilikuwa vimechipua vyote kwa mara moja. Machipukizi mororo, yamejipanga mistari kwa mistari, kijani kibichi mpaka macho yanauma. Upepo ukipita, shamba zima linainama na kuinuka kama linapumua.

"Mungu mkubwa!" alinong'ona Swala. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Lakini Sikudhani hakulia. Baridi ilimpanda kutoka kwatoni mpaka shingoni. Alikwisha kuuona ubichi kama ule mara moja katika maisha yake, akiwa bado ananyonya. Mvua haba vilevile, jua kali vilevile. Mama yake alimwambia, "Ningoje hapa kichakani, nionje kidogo nikupatie maziwa." Alikula mafumba mawili, matatu. Akainua kichwa, akamtazama mwanawe kama anayetaka kumwita. Akaanguka. Kabla kivuli cha kichaka hakijasogea unyayo mmoja, Sikudhani alikuwa yatima.

"Yangu!"

Sauti ya Mwinyi Mbogo ilipasua kimya. Alikuja tifu, tifu, tifu, akasimama mbele ya shamba, akageuka kuwatazama wote.

"Shamba hili ni la ukoo wa Mbogo. Ndugu zangu wa ng'ambo ya kilima nimekwisha kuwatumia salamu. Kesho jua likipanda, tunaingia wote. Mpaka hapo, ulimi wowote usiguse jani. Pofu!"

"Labeka, Mwinyi!" Pofu, yule paa mkubwa kuliko paa wote, alikuwa mpambe wake, dume la shingo nene.

"Linda."

Sikudhani alijipenyeza katikati ya miguu ya wenzake, akajikuta mbele.

"Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba. Nani anaongea? Simwoni."

Wakacheka.

"Ni mimi, Sikudhani, huku chini. Mwinyi, nakuomba usile mtama huu. Mtama mchanga uliochipua wakati wa kiu una sumu ndani ya jani. Haionekani wala hainuki. Ngoja ukue, ukupite kichwa, utoe masuke. Hapo utakuwa chakula. Leo ni kifo."

Mwinyi Mbogo akapuliza pua, "Fyuuu!"

"Nimekusikia. Mimi nikae na njaa, nawe upite chini kwa chini na kimdomo chako, uumalize. Hila za wadogo nazijua! Ngiri!"

Ngiri alikuwa amepiga magoti akichimbua mizizi, kama kawaida yake. "Naam, Mwinyi?"

"Ingia ule."

Ngiri hakungoja kuambiwa mara mbili. Mchapu, mchapu, mchapu! Akala fumba, akala la pili, akala mstari mzima. Wote walimtazama. Sikudhani alifumba macho.

Wakangoja. Wakangoja. Ngiri akaketi, akatikisa kichwa.

"Beeeuu!" akapiga mbweu. "Mtamu. Hakuna kingine?"

Wanyama walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Swala mwenyewe alicheka. Pofu alicheka kuliko wote. "Kifo hicho kitamu! Na mimi nakitaka!"

Mwinyi Mbogo aliinamisha pembe zake mpaka zikawa usawa wa pua ya Sikudhani. "Ukinisemea tena uongo mbele ya watu, hutakunywa kisima changu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwinyi."

Aliondoka. Alipofika kwake akajilaza kivulini, na wasiwasi ukaanza kumla. Je, kama alikosea? Je, kama mama yake alikufa kwa jambo jingine, na yeye, mtoto mdogo, akaubebesha mtama lawama? Ngiri amekula mstari mzima jamani. Ngiri ni mzima.

Akiwa anawaza hivyo alianza kucheua, kama mnavyoona mbuzi akifanya. Bonge la majani lilipanda kutoka tumboni, akalitafuna upya, akalimeza. Ndani akasikia, ngu-ngu-ngu, ngu-ngu-ngu, kama chungu kilichoinjikwa. Na masikio yake yakasimama.

Ngiri hacheui!

Alikaa wima. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona Ngiri akirudisha bonge la majani kinywani. Ngiri anameza, imekwisha. Lakini yeye Sikudhani, na Swala, na Pofu, na Mwinyi Mbogo, na mama yake marehemu, wote hao wana tumbo la vyumba vinne, na chumba cha kwanza ni chungu kikubwa kinachochemka mchana kutwa bila moto. Chungu kile ndicho kinachochukua bua kavu lisilo na ladha na kutoa humo maziwa na nyama na pembe. Ni ajabu ya ajabu. Kinafumua kila jani mpaka ndani kabisa. Kama jani lina uhai, kinautoa. Kama lina sumu, kinaitoa nayo, yote, kwa mkupuo mmoja.

Sikudhani alijisikia mdogo kuliko alivyokuwa. Alilitazama tumbo lake mwenyewe kama mtu aliyegundua kuwa analala nyumba moja na simba.

Swala alimkuta hapo. "Shoga, bado unawaza? Nimekutazama kule shambani. Wewe huongopi, mimi nakujua. Nilicheka tu kwa sababu wote walicheka."

"Basi nisaidie. Twende tukamwambie tena."

Swala aliangalia huku na huku, akasogea karibu. "Tumwambie ili iweje? Wanasema adui yako mwombee njaa. Mimi huyu namwombea shibe. Ale! Ale na ndugu zake wote! Kesho jioni kisima chetu, kivuli chetu, bonde zima letu. Na mikono yetu safi."

Niwafiche nini, wanangu? Neno lile lilimwingia Sikudhani. Alijiona akinywa maji wa kwanza, akilala kivuli kikubwa, bila wa kumsukuma. Alijiona hivyo kwa muda mrefu kidogo.

Kisha akamwona Bi Zamda kwa mbali, amesimama na ndama wake, anaulamba uso wa yule mtoto na kumwambia kitu. Sikudhani alijua anamwambia nini. Ningoje kidogo, kesho utapata maziwa.

"Hapana," alisema.

"Utafanya nini sasa? Ukweli umeshausema, wamekucheka."

"Ukweli hautaki kumwingia," alisema Sikudhani. "Nitamdanganya."

Asubuhi, kabla ndugu za Mwinyi Mbogo hawajafika, Sikudhani aliketi juu ya jiwe kando ya njia ya kisimani. Pembeni yake aliweka fungu la maganda ya mgunga, akalifunika kwa jani. Alipomsikia mkubwa anakuja, tifu, tifu, akaanza kutafuna kwa nguvu zake zote.

Kacha! Kacha! Kacha!

Mwinyi Mbogo alisimama. "We! Unakula nini?"

"Shikamoo, Mwinyi. Sili kitu."

Kacha.

"Nasikia unatafuna!"

"Ni meno tu, Mwinyi. Yanagongana kwa baridi."

"Baridi katika jua hili?" Akalipeperusha lile jani kwa pumzi moja, fyuu! Maganda yakaonekana, ya dhahabu, yamejikunja kama heleni. Mengine yakabingirika na mbegu zikalia ndani yake, chacha-chacha-chacha.

"Maganda ya mgunga," alisema Mwinyi Mbogo kwa dharau.

"Taratibu, Mwinyi!" Sikudhani alijirusha juu ya fungu lake kama anayelikinga na mvua. "Usiyaite hivyo, yatasikia. Hizi ni njuga za radi. Bibi yangu aliniapisha nisimwambie kamwe mwenye pembe."

"Kwa nini asiambiwe mwenye pembe?"

"Usiniulize, Mwinyi. Nenda kale mtama wako. Nasikia ni mtamu, Ngiri kausifu."

"Nimeuliza kwa nini!"

Sikudhani akashusha sauti, mpaka Mwinyi Mbogo akalazimika kuinama. "Kwa sababu mwenye pembe akizila, nguvu yake haitapimika tena. Sisi wadogo tutakimbilia wapi? Mimi sina pembe, kwangu zimeishia miguuni tu. Tazama."

Akaruka. Pruu! Akalipita jiwe. Pruu! Akakipita kichaka. Akazunguka huku, akakata kule, vumbi likabaki hewani na yeye hayupo, kisha huyo amerudi juu ya jiwe, hata hahemi. Kila digidigi anaweza hayo, lakini Mwinyi Mbogo hakuwahi kumtazama digidigi mpaka mwisho.

"Lo!" alisema. Kisha akajikaza. "Ziko wapi nyingine?"

"Sikumbuki."

"Sikudhani!"

"Ziko juu, Mwinyi, kwenye migunga ya mlimani. Lakini afadhali ziache, maana zina mwiko. Kwanza haziliwi peke yake, mlaji lazima atangulize majani makavu ya mlimani, tumbo lijae nusu. Pili, hazipatani na mtama mchanga. Ulimi uliozila ukigusa jani la mtama kabla ya mtama kutoa masuke, nguvu yote huvujia kwatoni, pyuuu, inaishia ardhini."

Mwinyi Mbogo alifikiri. Msidhani alikuwa mjinga. "Basi nitakula mtama leo, njuga nitazila baadaye."

Moyo wa Sikudhani uligonga ndu, ndu, ndu. Lakini aliitikia kwa kichwa kama aliyefurahi.

"Hilo ndilo jema, Mwinyi! Njuga zenyewe zinaanguka wiki hii tu. Mimi na Swala na wadogo wenzetu tutazimaliza. Wewe shiba mtama."

"Mzimalize?" Macho yalimtoka. "Nani kawapa ruhusa? Mtama hauna miguu, utaningoja hapo hapo. Pofu! Hakuna kugusa mtama mpaka utoe masuke! Anayegusa, ataonana na mimi. Zamda, mlete mtoto. Tunapanda!"

Ndugu zake walipofika wakiwa na njaa ya safari, walikuta amri imeshatoka. Wakapandishwa mlimani wakinung'unika. Kule juu, penye mawe yaliyowachosha watu na ng'ombe wao, na ambapo Mwinyi Mbogo hakuwahi kujisumbua kupanda, majani makavu yalikuwa yamesimama hayajaguswa, na juu yake migunga imebeba maganda mpaka matawi yameinama.

Mwinyi Mbogo alirudi nyuma hatua kumi, akainamisha kichwa, akaja. Puuu! Akaupiga mgunga paji la uso.

Pukutu-pukutu-pukutu-pukutu!

Jamani! Mvua ya dhahabu! Maganda yaliwaangukia migongoni, yakajaa kati ya mawe, yakabingirika mteremko mzima yakilia chacha-chacha mpaka chini bondeni. Sikudhani alikuwa amepanga hila, lakini hakuwa amepanga hilo. Alisimama mdomo wazi. Mwaka mzima wadogo walikuwa wakiokota ganda moja moja, na kumbe chakula cha bonde zima kilikuwa kinaning'inia juu, kinangoja paji la uso lenye nguvu. Swala alikula. Ngiri alikula. Siku ya tatu Bi Zamda alimwita Sikudhani, akamwonyesha ndama wake ananyonya bila kuacha, povu la maziwa mdomoni.

"Shoga," alisema, "sijui umefanya nini. Lakini umefanya."

Sikudhani aliangalia pembeni. Bado alikuwa na hofu. Kila asubuhi alishuka mpaka ukingoni mwa shamba, akasimama kando ya mtama, akaupima kwa mwili wake. Ulimfika tumboni. Ulimfika mgongoni. Jua lilikuwa linaupiga, majani yamejisokota. Bado, bado kabisa.

Pofu alikuwa analinda peke yake. Alipelekewa maganda, lakini kunusa mtama ule kutwa kucha kulimshinda.

Siku ya sita, jua la utosi, Sikudhani alipofika alimkuta Pofu ameingia shambani mpaka magotini.

"Bwana Pofu! Toka humo!"

Pofu aligeuka. Majani yalikuwa yananing'inia pande zote mbili za mdomo. "Nguvu huvuja?" alisema akitafuna. "Mbona sioni zikivuja? Nenda ukamtishe mkubwa wako, mimi usinichezee."

"Nakusihi, baba! Tema! Tema hilo lililo mdomoni!"

Pofu alicheka, akameza, akang'oa fumba jingine. Kisha kicheko kikakatika. Alivuta pumzi, akavuta nyingine juu yake, akavuta tena, kama mtu aliyetoka kuzama. Akainua kichwa, akamtazama Sikudhani.

Sikudhani aliyajua macho yale.

"Uuui! Uuui! Mwinyi! Bi Zamda! Njooni!"

Miguu ya Pofu ilitetemeka kama ya mtoto aliyezaliwa leo. Puu! Dume lile likaanguka, na ardhi ikatikisika. Povu likamtoka. Fizi zake zilikuwa nyekundu, nyekundu kupita damu ya kawaida, nyekundu kama ua lililochanua asubuhi. Pumzi zake zilikuwa hewa tele, lakini mwili haukuipokea. Akapiga miguu mara mbili. Akatulia.

Wanyama walipofika, vumbi lilikuwa bado halijatua.

Walimtazama Pofu, mkubwa wa pili bondeni, shingo ile nene, mabega yale. Hana jeraha. Hana alama ya jino. Mbele yake shamba lilikuwa linainama na kuinuka kwa upepo, zuri vilevile, kijani vilevile. Wote, wakubwa kwa wadogo, wakarudi nyuma hatua moja, kwa pamoja, kama waliosukumwa na mkono.

"Sikudhani," alisema Mwinyi Mbogo. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulisema mwiko huvujisha nguvu. Hukusema huvujisha roho."

Sasa fikirini, wanangu. Digidigi yule angeweza kusema lolote. Angesema, njuga za radi zimekasirika. Angesema, mpeni Sikudhani kisima. Mkubwa wa Mtanga alikuwa anamtazama kama mtoto anavyomtazama mganga, na angetii. Swala alimkonyeza. Sema! Sema sasa!

Sikudhani alivuta pumzi.

"Hakuna njuga za radi, Mwinyi. Yale ni maganda ya mgunga. Bibi yangu hakuniapisha kitu. Nilikudanganya."

Nyati wote walikoroma. Mwinyi Mbogo alipiga hatua moja, kivuli chake kikamfunika digidigi mzima.

"Ulinidanganya mimi?"

"Naam."

"Kwa nini hukuniambia kweli?"

"Nilikuambia, Mwinyi. Siku ile, mahali hapa, mbele ya hawa wote." Akawatazama mmoja mmoja. "Mlicheka."

Swala aliziangalia kwato zake.

"Lakini Ngiri alikula," alisema Mwinyi Mbogo mwishoni.

"Ngiri hacheui. Tumbo lake ni la kupitisha. Letu ni la kuchemsha, na kuchemsha kule ndiko kunakoifungua sumu ghafla. Mama yangu alifia katika machipukizi kama haya. Nilikuwa mdogo kuliko ndama wako."

Bi Zamda alikuja akasimama kati ya pembe za mumewe na Sikudhani. Alisimama tu, na ndama wake chini ya tumbo.

Mwinyi Mbogo alimtazama ndama. Akautazama mtama. Akamtazama Pofu. Halafu yule mkubwa, ambaye ndege waliruka akikohoa, akainamisha kichwa mpaka ndevu zikagusa vumbi.

"Ukoo wangu wote," alisema. "Ningewaingiza mwenyewe."

Akageuka, akapanda mlimani polepole, na safari hii hakukuwa na tifu, tifu. Alikuwa anaangalia anapokanyaga.

Mvua kubwa ilikuja mwezi ule. Ilinyesha ikatulia, ikanyesha ikatulia, kama inavyotakiwa. Mtama ulikunywa, ukanenepa, ukampita Sikudhani, ukampita Swala, ukampita Mwinyi Mbogo na pembe zake. Majani yakaacha kujisokota. Kisha juu kabisa, dhidi ya mbingu, yakachomoza masuke, yakafunguka, yakainama kwa uzito wa punje. Wanyama walikuja kila siku kutazama kwa mbali. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanamngoja digidigi.

Asubuhi moja Sikudhani alisema, "Leo."

Neno hilo moja tu, na wote wakamgeukia.

Alikuwa anajua. Mtama uliokomaa na kushiba mvua haui, punje yake ni nguvu, bua lake ni shibe. Alijua, lakini aliutazama tena mtama kutoka kisiki mpaka suke. Kama ana kosa, wote hawa watakufa kwa neno lake. Akatangulia ili aonje yeye mwanzo.

Pembe moja nyeusi ikashuka mbele yake, ikamzuia njia.

"Wewe hapana," alisema Mwinyi Mbogo.

"Mwinyi, nimesema mimi, nionje mimi."

"Wewe ndiye pekee unayejua. Ukifa, nani atatuambia kesho? Nyati wako wengi."

Na kabla hajajibiwa, Mwinyi Mbogo aliingia shambani peke yake. Chwaa, majani yakafunguka, chwaa, yakafunga. Akang'oa fumba la majani na masuke, akatafuna. Kacha. Kacha. Akameza. Akasimama.

Wakangoja. Sikudhani hakupumua. Bi Zamda hakupumua. Kutoka ndani ya tumbo lile kubwa wote wakasikia, ngu-ngu-ngu, ngu-ngu-ngu, chungu kinachemka. Jua likapanda, kivuli kikasogea unyayo mmoja, kikasogea wa pili, kikasogea wa kumi.

Bonge la majani likapanda shingoni kwa Mwinyi Mbogo. Akaanza kucheua, taratibu, macho yamefumba nusu.

"Mtamu," alisema. Kisha akageuka kuwatazama wote waliosimama ukingoni. "Ingieni. Wadogo kwanza."

Hadithi yangu imeingia zizini, nafunga komeo, na funzo lake ni hili: neno la kweli halina kimo, usilipime kwa urefu wa aliyelisema.